Mwalimu Mkuu Aliyeogopa Asubuhi

Mwalimu Mkuu wetu wa Hulugho aliogopa ngamia. Naanzia hapo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililoambiwa juu yake siku niliposhuka kwenye lori na sanduku langu la bati, vumbi limeniganda hadi kwenye kope. Mwalimu wa hesabu, mtu wa bara kama mimi, ndiye aliyekuja kunipokea, na alianza kucheka kabla hatujamaliza kusalimiana. "Umeletwa kwa Msomali anayeogopa ngamia," aliniambia. "Karibu sana, dada."

Nilidhani ni utani wa walimu. Wiki haikuisha kabla sijajionea mwenyewe. Ngamia walikatiza uwanjani wakati wa gwaride la asubuhi, na Mwalimu Mkuu, amevaa tai na yote, akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo hadi mgongo ukagota mlingoti wa bendera. Wanafunzi waliuma midomo wasicheke. Ngamia walipokwisha kupita, alijipangusa uso kwa leso na kuendelea na matangazo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Aliogopa na vingine. Aliogopa radi, na mvua ya Hulugho ikija haiji bila radi. Aliogopa nge, ndege ndogo za kukodi, na barua yoyote yenye mhuri mwekundu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mikono yake ilitetemeka hata akishika chaki, kwa hiyo mwandiko wake ubaoni ulikuwa na mawimbi. Kiswahili alikipenda na alikisema kwa mapana, ila p zake zilitoka b, kama kwa watu wengi wa huko. Siwezi kuandika kila neno alivyolitamka, lakini neno moja lazima nilitoe kama lilivyotoka kinywani mwake, maana alilisema kila siku bila haya: "Naogoba."

Hilo ndilo lililonishangaza. Nimeishi na wanaume waoga wengi, baba yangu mmojawapo, na wote walificha. Huyu alitangaza. Akifika ofisini asubuhi alikaa kwanza kimya, mikono juu ya meza, macho yamefumbwa. Siku moja nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana, abaayo," alisema. Aliniita hivyo, dada, tangu siku ya kwanza. "Mimi naogoba asubuhi. Naogoba yote ya siku nzima, moja moja, mpaka yanakwisha. Halafu nafanya kazi." Nilicheka. Naye akacheka, akaniomba nimpitishie rejista.

Wakati huo sikuyatilia maanani. Hata siku ile mzazi mmoja alipokuja shuleni na bunduki begani kumtoa binti yake darasa la nane akaozwe, sikuelewa nilichokiona. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa darasa. Suruali yake ilikuwa ikitikisika magotini, wote tuliona. Akamwambia yule baba kwa Kisomali, na mwanafunzi mmoja akanitafsiria kwa kunong'ona: "Bunduki yako naiogopa sana, wallahi. Lakini mtihani ni mwezi ujao, na mlango huu sijui kuutoka." Baba alimtazama kwa muda, akamtemea maneno fulani, akaondoka zake. Mwalimu wa hesabu alisema jioni yake kwamba mzee wa watu alishindwa tu kusogea, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Tukacheka tena. Binti alifanya mtihani.

Sasa nije kwenye kadi, maana bila kadi huyu angebaki kichekesho changu cha kusimulia harusini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Benki iliyokuwa ikipokea mishahara yetu Garissa ilileta kadi za plastiki na mashine ya ukutani, na kila mwalimu akapewa kadi yake pamoja na karatasi ndefu ya masharti yenye maandishi madogo kama siafu. Namba ya siri, tuliambiwa, usimpe mtu yeyote, hata mkeo. Sawa. Lakini Garissa ilikuwa mbali, na barabara ilikuwa na shifta, majambazi wenye bunduki. Lori likisimamishwa, abiria walishushwa na kupangwa mstari, na sisi wa bara tulijulikana kwa sura kabla hatujafungua mdomo. Mwalimu wa kiume aliyetutangulia alikuwa ameuawa kwenye barabara hiyo. Kitanda chake ndicho nilicholalia.

Kwa hiyo Mwalimu Mkuu akasema atatuendea yeye. Kila mwisho wa mwezi alikuwa akienda Garissa kufuata chaki na barua za wilaya. Atabeba kadi zetu, atatutolea mishahara, atarudi. "Wakiniona mimi watauliza ni wa ukoo gani," alisema. "Nitajibu, tutazungumza. Wakikuona wewe hawatauliza kitu."

Tukampa kadi na tukampa namba. Nani angekataa? Tulikuwa tunakula sinia moja na mtu huyu. Kule kwao mtu akikabidhiwa amana, iwe mbuzi, iwe mtoto wa mtu, anaichukua mbele ya mashahidi na hakuna anayeongeza neno. Kumpa kadi na kumficha namba ingekuwa kumtukana usoni. Yeye mwenyewe kadi hakuwa nayo. Aliikataa, akabaki na kitabu chake cha akiba na foleni ya dirishani, kwa kuwa, alisema, mashine inayomeza ilhali haina tumbo anaiogopa. Dereva wa lori alitusimulia jinsi alivyokuwa akisimama mbele ya ile mashine anasoma Bismillah, anabonyeza kitufe kimoja halafu anaruka nyuma.

Kadi alizibeba ndani ya kopo la maziwa ya unga, chini, na juu yake majani ya chai. Alizibeba kwa muda mrefu bila senti kupotea. Ila tuliona jambo: siku za kuamkia safari alikonda. Hakula. Tulisema ni shifta anawaogopa, na nani asingewaogopa.

Mwezi uliotuharibia ulikuwa wa ukame. Lori lilisimamishwa kabla ya Sangailu, mchana peupe. Askari wa kusindikiza walikuwa wametangulia na gari lao. Watu walinyang'anywa saa, viatu, sukari. Mwalimu Mkuu alichukuliwa kando, vichakani, yeye na kopo lake, na akakaa huko hadi abiria wakaanza kumsomea dua. Alirudi anachechemea, uso wa rangi ya majivu. Mwiba, alisema. Amekanyaga mwiba.

Hakwenda nyumbani. Lori lilipogeuza na kurudi Hulugho alikwenda moja kwa moja kwenye taar. Taar ni ile redio ya upepo ambayo watu wa kaskazini mashariki walitumia kabla ya simu: unazungumzia Hulugho, unasikika Garissa, Wajir, mpaka Elwak, na kila mwenye redio anasikiliza mambo yako bila aibu. Posa, misiba, bei za ng'ombe, yote hewani. Nilimkuta ameshikilia kipaza sauti kwa mikono miwili, anarudia kwa Kiswahili na Kisomali: kadi za walimu wa Hulugho zimeporwa, benki izifunge leo, sasa hivi. Akataja majina yetu. Mwendeshaji wa taar wa Garissa akaitikia kwamba amesikia na anatembea kwenda benki.

Na kweli alikwenda. Pale dirishani wakamwambia taarifa ya kadi iliyopotea hupokelewa kwa barua iliyosainiwa na mwenye kadi. Akarudi zake.

Mimi niliandika barua. Barua ikasubiri lori. Lori likasubiri askari. Barua ilipofika Garissa, akaunti yangu ilikuwa imekaushwa kwenye mashine za Nairobi, kidogo kidogo, kuanzia siku mbili baada ya ile taarifa ya taar. Yangu peke yake. Za mwalimu wa hesabu na za wale wengine hazikuguswa.

Akiba ile ilikuwa nyumba ya mama. Mama alifukuzwa shambani mwake wakati wa vurugu za kikabila kule kwetu bara, akawa anaishi chumba cha kupanga kinachovuja, kifua kinambana kila mvua. Nilimwahidi bati na mbao kabla ya masika. Niliposoma ile taarifa ya akaunti nilikaa chini sakafuni benki, mbele za watu. Nililia kama mtoto. Nilimwogopea mama, nikajiogopea mimi, maana nilijua sina pengine pa kuanzia.

Meneja wa benki alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake ilinitisha kuliko ukali. Alinisomea ile karatasi ya siafu. Namba ikijulikana na mtu mwingine, hasara ni ya mteja. "Ulimpa mtu namba?" Nikasema nilimpa Mwalimu Mkuu. Akafunga kalamu yake. "Basi mtafute Mwalimu Mkuu," alisema. "Na ukitaka, polisi pia."

Nilirudi Hulugho na maneno hayo tumboni. Yangu peke yake! Kati ya kadi zote zile, kwa nini yangu? Nilikwenda ofisini kwake asubuhi, wakati wake wa kuogopa, nikamuuliza ana kwa ana kama aliitoa. Alifumbua macho. "Niliitoa," alisema. "Mtu mwenye bunduki alichomoa kadi, akauliza. Niliogoba, abaayo. Niliitoa." Hakuomba radhi. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta wa choo cha wasichana, kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli, nikamchukia kwa moyo wangu wote.

Lakini kabla jua halijazama alikuwa amekuja nyumbani kwangu na ile karatasi ya benki, imekunjwa mara nyingi hadi inakaribia kuchanika. Alikuwa ameisoma yote. Akanionyesha mstari ambao meneja hakunisomea: hasara inayotokea baada ya benki kuarifiwa si ya mteja. "Tuliarifu," alisema. "Elwak wamesikia. Benki tu ndiyo haikusikia?" Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba benki itajibu kwamba mimi na yeye tumeiuza ile namba. Kwa hiyo lazima mtu asimame mbele ya hakimu aseme jinsi ilivyotoka. Nikaona mikono yake inatetemeka, nikadhani anaogopa hakimu.

Sikuwa na wakili; pesa za wakili ndizo zilizoibiwa. Niliandika madai yangu mwenyewe. Siku ya kesi mahakama ya Garissa ilijaa hadi madirishani, kwa sababu kila aliyesikia taar alitaka kuona mwisho wake. Mwendeshaji wa taar alitoa ushahidi, na mwenye duka wa soko la ng'ombe naye akasimama, hakuitwa na mtu, akasema hata yeye alisikia, alikuwa ametoka tu sala ya adhuhuri. Wakili wa benki akashikilia barua: hakukuwa na taarifa ya maandishi. Hakimu, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akamuuliza hiyo barua ingepita barabara gani. Wakili akasema, barabara ya kawaida. "Ile waliyoporwa?" hakimu akauliza. Watu wakaguna.

Halafu ikawa zamu ya Mwalimu Mkuu. Wakili alimzunguka. Wewe ni msomi? Ndiyo. Ulijua namba ni siri? Ndiyo. Ulimwambia mtu baki? Ndiyo. Ulilipwa? Hapana. Basi kwa nini? Wazee wa ukoo wake walikuwa wameketi benchi la mbele, wamevaa kofia na kushika bakora. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa mlangoni. Kwa watu wale, mwanamume husema amezidiwa, amezungukwa, amechomwa. Hasemi lile neno. Yeye alishika kizimba kwa mikono miwili kama alivyoshika kipaza sauti cha taar.

"Niliogoba," alisema.

Kicheko kilipasuka kutoka dirishani. Mzee mmoja wa benchi la mbele aliinamisha kichwa, akainuka, akatoka nje. Hakimu aligonga meza. Akasema mahakama yake haimcheki mtu aliyeshikiwa bunduki, na namba iliyotolewa kwa kutishwa haikutolewa kwa hiari. Mimi alinikemea kwa kumpa mtu namba yangu, akasema nisirudie hata kwa askofu. Kisha akaiamuru benki inirudishie kila kilichotolewa baada ya taarifa, na vyote vilitolewa baada ya taarifa. Nilipiga magoti pale pale. Mama aliezekewa nyumba kabla ya masika kuisha.

Yeye lakini alilipa. Neno lile lilimfuata. Watoto wa Hulugho walikuwa wakipaaza sauti nyuma yake, "Niliogoba!" na kukimbia. Mwalimu wa hesabu alikuwa bingwa wa kumwigiza, hadi kwa mikono inayotetemeka. Tangu safari ile alivaa viatu vya kufunga na soksi nene, joto lile la Hulugho, hata msikitini, wanasema, akitawadha alipangusa maji juu ya soksi na kusali nazo. Nge, tulisema. Sasa anaogopa na nge wa msikitini. Mimi sikumcheka tena, ila sikuwa karibu naye kama zamani. Kila nilipokumbuka zile kadi nyingine zilizobaki salama, kitu kilinichoma. Kwa nini yangu? Nikapata uhamisho kwenda Garissa mjini, tukaagana kwa kupeana mikono.

Miaka ikapita. Alistaafu. Nikasikia yuko hospitali ya Garissa, sukari imemshuka mguuni. Nikanunua betri za redio yake, maana kumpelekea kitu kitamu isingefaa, nikaenda mchana wa saa za kutazama wagonjwa.

Muuguzi alikuwa anamsafisha kidonda. Mguu wa kushoto ulikuwa wazi juu ya kitanda, bila soksi, kwa mara ya kwanza tangu safari ile. Vidole vilikuwa vimelala upande vyote, vimepondeka na kuungana ovyo, kucha hazipo. Hiyo haikuwa kazi ya sukari. Hata mtoto angejua.

"Huu mwiba ulikuwa na kitako cha bunduki," nilisema.

Muuguzi alitutazama, akakusanya bandeji zake, akaondoka. Mwalimu Mkuu alijaribu kuvuta shuka. Nikaizuia.

"Kwa nini hukumwonyesha hakimu? Walikucheka! Mzee wako alitoka nje!"

"Hakimu aliuliza kama niliogoba," alisema. "Niliogoba kweli. Sikusema uongo." Akaitazama shuka niliyoizuia. "Wale vijana niliwajua ni wa ukoo gani. Woga hauna dia, abaayo. Kidonda kina dia. Ningevua kiatu pale mbele ya wazee wangu, ile siku wangekwenda kudai ngamia wa fidia. Wale wangekataa, ilikuwa ukame, na damu ingeanza kulipizwa. Kisha watoto wa shule yangu, wa ukoo huu na ukoo ule, wanaokaa dawati moja... Unajua ingekuwaje."

Nilijua. Nilikaa kando ya kitanda.

"Lakini walikuponda kwa nini? Namba si uliwapa?"

"Yako niliwapa. Ndiyo ilikuwa juu ya nyingine kwenye kopo. Waliitoa, wakauliza, nikasema papo hapo." Alinitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba msamaha kwa mara ya kwanza. "Ilikuwa ya kwanza, abaayo. Nilikuwa bado sijamaliza kuogoba. Wakachukua ya mwalimu wa hesabu, wakauliza tena. Hapo nilikuwa nimemaliza."

Akanyoosha mkono wake unaotetemeka kuzichukua betri. Nikamsaidia kuziweka kwenye redio.